Rozari siyo kupayuka, ila na sisi Wakatoliki tupunguze hadithi

Kila Oktoba, mwezi wa rozari, ikifika hapa Uganda maneno ni yale yale. Wakatoliki wanazunguka jioni na rozari, ile sala ya Salamu Maria inayohesabiwa kwa punje, leo kwa huyu kesho kwa yule, jumuiya kwa jumuiya, yaani vikundi vya sala vya majirani, na jirani mlokole anafungua Mathayo 6:7, "msipayuke-payuke", anasema si mmeona, Yesu mwenyewe alikataza, nyinyi Salamu Maria mara hamsini kwani Mungu hakusikia ile ya kwanza? Halafu anamalizia ati hiyo kitu mapapa ndio walitunga.

Kuna mahali jirani ana haki, tusikatae. Wengi wetu tulifundishwa kwamba Mama Maria alimpa Mtakatifu Dominiko rozari mkononi huko Ufaransa mwaka 1208. Tamu sana, lakini wanahistoria wakitafuta kwa maandishi ya wakati ule hawaioni, hadithi inakuja kupata nguvu kwa Alanus de Rupe, mtawa wa shirika la huyo Dominiko aliyekufa 1475, miaka zaidi ya mia mbili baadaye. Rozari ilikua polepole. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu", ile nusu ya pili ya Salamu Maria, iliingia rasmi kwa kitabu cha sala cha Kanisa 1568, Papa Pius V akatoa utaratibu wa rozari 1569, na juzi tu 2002 Papa Yohane Paulo II akaongeza matendo ya mwanga, yaani matukio mengine ya maisha ya Yesu ya kutafakari ukisali. Sasa mtu akisema ilijengwa na watu kidogo kidogo amekosea wapi? Na kuna wale wanaoikimbiza mpaka huelewi neno, na rozari inayoning'inia kwa kioo cha taksi huku dereva anapita magari upande usiofaa. Hiyo ni hirizi tu, tuseme ukweli.

Ila mbona hatuulizi ilijengwa na nani na kwa shida gani. Wamonaki wa zamani Ulaya walikuwa wanaimba zaburi zote 150, na mkulima asiyejua kusoma angefanya nini? Akasema Baba Yetu mara 150, baadaye Salamu Maria, akihesabu kwa kamba na punje, hapo ndipo ile 150 imetoka. Ilikuwa zaburi za mtu asiye na kitabu. Baadaye yakashikanishwa matendo, kuzaliwa, msalaba, ufufuko, kwa hiyo huyo mtu ambaye hata jina lake hawezi kuandika anatembea na maisha ya Yesu kwa vidole vyake. Hii haihitaji padri, haihitaji karatasi, haihitaji hata taa, mimi hapo ndipo huwa nakwama kila nikitaka kukubaliana na jirani.

Maana angalia Paimol, kule Acholi, kaskazini mwa Uganda. Mwisho wa 1917 Wakomboni, wale wamisionari Wakatoliki wa Kitgum, wanatuma vijana wawili kwenda kufundisha dini, Daudi Okelo ambaye alikuwa na miaka kati ya 16 na 18, na Jildo Irwa wa miaka 12 hadi 14, mtoto kabisa. Padri hakai pale. Historia yao inasema Daudi alikuwa anapiga ngoma alfajiri kuita wanafunzi wa katekisimu kwa sala, na yeye na Jildo wanaongeza rozari, halafu jua likizama anaita tena watu wote, sala na rozari, wanafunga na wimbo wa Mama Maria. Oktoba 1918 wakauawa kwa mikuki. Sasa nani ataniambia hawa watoto walikuwa wanapayuka? Toa rozari pale Paimol halafu niambie jioni hao watu wangesali nini pamoja, misale, kitabu cha misa, ya Kilatini? Na mpaka leo kuna vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, vinaona padri mara moja moja, katekista, mwalimu wa dini, ndiye anashikilia, na hiyo kamba ya punje ndiyo inashikilia jioni za nyumbani.

Kuhusu kurudia maneno sina mengi. Zaburi 136 inarudia "kwa maana fadhili zake ni za milele" mara 26, mistari yote, na Gethsemane Yesu aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale", Mathayo huyo huyo, sura ya 26. Na pambio za kesha huko kwa walokole, mstari mmoja unaimbwa mpaka spika zinachoka, mbona hakuna anayehesabu.

Swali zito la jirani ni lingine kabisa: kwa nini unamuomba Maria badala ya kwenda kwa Yesu moja kwa moja. Mkatoliki atajibu kwamba nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni maneno ya Luka sura ya 1, malaika na Elizabeti, na nusu ya pili ni kumwambia mama atuombee, kama unavyomwambia mwenzako wa jumuiya akuombee. Mlokole atasema mwenzako yuko hai hapa, Maria ameshaondoka duniani. Hapo sasa wabishane, maana hapo ndipo tunatofautiana kweli, siyo kwa kuhesabu punje.