Mgeni Njoo, Mwenyeji Akose Diski

Kompyuta yangu, diski yangu, umeme nalipa mimi. Lakini jana tangu saa tatu usiku nimezungushwa na mashine isiyo hata na mwili, mpangaji tu ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Mashine pepe, ndivyo inavyoitwa: kompyuta ya kuigizwa na programu, inayoendeshwa ndani ya dirisha. Mwenyeji, yaani mfumo unaoendesha kompyuta yenyewe, ni Linux; mgeni ndani yake ni mfumo mwingine, Windows, niliyemkaribisha kwa ajili ya programu moja ya hesabu isiyokubali kuishi kwingine. Hesabu zenyewe ziko kwenye diski ya nje. Nikachomeka. Taa ikawaka, mwenyeji akaiona hapo hapo. Mgeni, kimya.

Nikafungua menyu ya USB. "Hakuna kifaa kilichounganishwa." Jamani! Diski ninayo kiganjani, inatetemeka na kupata joto, na kipanya ninachobofyea menyu hiyo nacho ni cha USB!

Kumbe sijaandikishwa kwenye kundi la wanaoruhusiwa kumpa mgeni USB. Kwangu mwenyewe naomba uanachama! Nikajiombea, nikajikubalia kwa nywila yangu, nikarudi kwenye menyu: hakuna kifaa. Uanachama hautambuliki mpaka utoke kwenye akaunti uingie upya. Haya, nikatoka, nikajiitikia hodi.

Safari hii diski ikaonekana, nikaitia tiki, ikagoma. Mgeni nilimwekea kidhibiti cha USB 1.1, cha mwaka 1998, megabiti 12 kwa sekunde. Diski ni ya USB 3.0, gigabiti 5. Kubadilisha ni kubofya mara moja, ila sharti mgeni azimwe. Na mgeni huyu ukimwambia zima, ndipo anapokumbuka ana masasisho. "Usizime kompyuta." Kompyuta ipi? Wewe ni dirisha!

Saa sita kasoro tiki ikakubali. Mgeni akalia ting! kwa furaha, na papo hapo mwenyeji akaipoteza diski. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwahi kuchomeka kitu. Mmoja akishika, mwenzake anaachia, na sababu naijua, ndiyo maana hata wa kumlaumu sina: mifumo miwili ikiandika kwenye diski moja, kila mmoja na daftari lake la faili ipi iko wapi, zitavurugika zote. Basi mgeni, shika wewe. Akaigeuza geuza, akanitolea kidirisha: diski hii lazima ifomatiwe kwanza, nifomati?

Kidole kilishafika kwenye kukubali, maana tangu saa tatu kazi yangu ilikuwa kukubali tu. Diski ni ya ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Windows haijui kuisoma, na asichokijua yeye anaona kifutwe.

Nikamnyang'anya, nikamrudishia mwenyeji, nikaweka folda ya pamoja. Mwenyeji anasoma diski, mgeni anachungulia humo. Dakika tatu! Ningeanza na hilo, saa nne ningekuwa nakoroma.

Programu ikafunguka, hesabu zote zipo. Nikabofya chapisha.

"Printa haikupatikana."

Printa ni ya USB.