Wazee huja maktaba kusoma gazeti, watoto nao wakuje kucheza gemu

Nyuma ya ploti yetu huku Manyatta, Kisumu, kuna kibanda cha gemu. Mabati juu, mabati kando, TV mbili za zamani zile za mgongo mkubwa, mashine za gemu za PlayStation, PS2 moja na PS3 moja ambayo feni yake inalia kama mashine ya posho, na padi za kuchezea zimezungushiwa selotepu juu zimeanguka mara elfu. Mlangoni wameandika na chaki, GEMU 10/=. Sheria ni moja tu, anayeshindwa ndiye analipa.

Mtoto wa dada yangu ako Grade 6 na hapo ndio nyumbani kwake kwa pili. Anamsaidia mwenye kibanda kufagia Jumamosi asubuhi, alafu anapewa dakika za bure kabla wateja wajae. Siku moja nilitumwa nikamtoe huko, nikasimama mlangoni bila yeye kuniona nikacheki anafanya nini. Ilikuwa gemu ya mpira, lakini hakuwa anacheza mpira, alikuwa kocha wa timu humo ndani. Timu yake imebaki na milioni 9, kuna straika anamtaka anauzwa milioni 12, sa anatafuta nani wa kuuzwa ili pesa itoshe, na mshahara wa huyo straika pia lazima ukae ndani ya bajeti. Katikati ya hiyo shughuli ikaingia barua ya wenye timu, Kizungu kitupu, aya kama tatu hivi, na kijana akaisoma yote midomo ikitembea pole pole. Alipofika mahali hakuelewa akarudi juu akaanza tena. Huyu ndiye ukimpa kitabu cha hadithi cha shule ukurasa mmoja anasema kichwa kinauma!

Sisemi gemu ndio itafundisha watoto kusoma, hapana, nisiwekewe maneno mdomoni. Nasema tu nilimwona akisoma kitu hakulazimishwa.

Basi mi nikajiona nimepata dawa. Nikampeleka maktaba ya umma, siitaji ni gani, iko tu huku kwetu. Begi ikabaki kaunta. Ndani vijana wa fomu foo na wa chuo wamejaa kila meza na notsi zao wenyewe, hakuna ata mmoja ameshika kitabu cha hapo, wamekuja juu ya kiti na kimya. Sehemu ya watoto ilikuwa kona moja yenye vitabu vya kiada vya silabasi ile ya zamani. Akapata kimoja chenye picha ya kiboko amevaa tai, akacheka. Kicheko cha kawaida tu cha mtoto. Akanyamazishwa na watu wawili mara moja, mhudumu na jamaa fulani wa notsi. Tulikaa dakika ishirini. Tukitoka akaniambia, "Anko, hapo ni kama mochari."

Nilikasirika kidogo, alafu nikacheka, alafu nikaanza kufikiria hii maneno vizuri.

Angalia sehemu yenye huwa imejaa kwa maktaba zetu ukitoa hao wa notsi. Ni kwa magazeti. Kuna wazee wanafika asubuhi na mapema, ameshika gazeti anaanzia kwa michezo, anaenda matangazo ya vifo, anamalizia na siasa, anampokeza mwenzake anaenda zake. Miaka nenda miaka rudi. Nani amewahi kumfuata huyo mzee mlangoni akamuuliza, mzee wangu, sa gazeti umesoma, mbona hujaazima Shaaban Robert? Hakuna. Tumekubali gazeti ni sababu tosha ya mtu mzima kuingia jumba la umma. Lakini mtoto akiambiwa kuna gemu maktaba lazima kuwe na mtego ndani, ati acheze dakika kumi alafu apewe kitabu, ati asome kurasa tano ndio apate padi. Hapo ndio mi natofautiana na wengi wanaounga mkono hii kitu ya kuweka gemu kwa maktaba. Wanataka gemu iwe chambo. Na watoto si samaki, wanaona ndoano kutoka mbali, mwalimu yeyote atakwambia. Ukimwambia kitabu ndio bei ya kucheza, umeshamfundisha kitabu ni adhabu.

Weka gemu pale kama gazeti. Basi.

Na hii si ajabu mpya. Marekani chama chao cha maktaba, ALA, walianzisha siku ya kitaifa ya gemu kwa maktaba Novemba 2008, gemu za skrini na zile za ubao pamoja, baadaye ikakua ikawa ya kimataifa na ikafika wiki nzima. Na tusiseme hayo ni ya wazungu wenye pesa. Hapa Kenya mwaka wa 1996 KNLS, shirika la maktaba la taifa, walifungia vitabu juu ya ngamia wakapeleka Garissa juu watu wa huko ni wafugaji, wanahama, hawawezi fuata jengo. Maktaba ikafuata watu. Sa watoto wa Manyatta na Nyalenda na Obunga wako kwa vibanda vya gemu, na sisi tumekaa kwa jengo tunashangaa mbona hawaji.

Kuna kitu kingine huwa kinanichekesha. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale kazi za kaunti zimepangwa. Kwa fungu moja utapata kamari na kasino, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, alafu maktaba, makumbusho, michezo. Fungu moja! Yaani kwa karatasi maktaba na kamari ni majirani, wako chini ya serikali ile ile ya kaunti. Na huku mtaani pia ni majirani. Mita chache kutoka kibanda chetu kuna ile mashine ya kamari ya kuingiza koini, na nimeona mwenyewe kijana akishindwa gemu, amebakisha koini moja, anaenda kuijaribu huko ndio apate ya kulipa mwenzake. Hiyo koini hairudi. Kwa hivo mtu akiniambia gemu itaharibu maktaba, namuuliza, wewe unajua gemu sai inachezwa wapi na kando ya nini?

Haya, twende kwa pingamizi za watu, tuanze na ya stima. Ndiyo, stima itapotea, hii ni Kisumu. Ya kelele pia ni kweli, wale wa notsi watalia, na wana haki. Chumba kando, mlango unafungwa, Jumamosi na likizo peke yake, hedifoni kama ziko. Gemu za kuchinjana na kuiba magari zenye kasha limeandikwa 18 zisiingie hapo kabisa, na huo ni uzuri mmoja, juu kwa kibanda hakuna mtu husoma kasha. Ya wizi sijui niseme nini, ata vitabu huibiwa.

Lakini kuna moja inanisumbua zaidi na huwa haitajwi. Wasichana. Kile kibanda sijawahi ona msichana ameketi ameshika padi. Dada yake huyu kijana ako Grade 8, anapita hapo akitoka dukani, anasimama nje anachungulia kidogo, akiitwa jina vibaya anaenda. Nilimuuliza kama hajui kucheza, akaniambia anajua, anachezea simu ya mama yake usiku mama akilala. Mama yake ndio anajua sa hii akisoma hapa, pole dada. Chumba cha maktaba ambacho kuna mtu mzima ameketi, kuna orodha ya zamu, na Jumamosi moja moja ni ya wasichana peke yao, hicho ni kitu kibanda hakiwezi kupea yeye ata bei ikishuka iwe shilingi moja.

Na kama kaunti haina pesa ya PlayStation waanze na ajua, lile bao letu la mbegu na mashimo. Kwani ajua si gemu? Babu yangu alikuwa anaicheza chini ya mti na macho yamefungwa nusu, na bado anajua ziko mbegu ngapi kwa kila shimo lako. Haitaki stima, haitaki feni. Kompyuta zenye zimewekwa kwa baadhi ya maktaba nazo zinaweza kuwekwa Scratch, ile programu ya MIT ya kutengeneza gemu yako mwenyewe, ni ya bure tangu 2007 na ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Siku mtoto ataona yeye ndio ameamua mpira uende kushoto, hiyo siku ningependa kuwa hapo.

Juzi nikamwambia kijana hii ndoto yangu, kwamba maktaba itakuwa na PS.

"Ni ngapi?"

Nikamwambia hakuna kulipa.

Akanyamaza, akafikiria kama ni mtego. "Na ukishindwa?"

"Unampisha mwingine, unangoja zamu yako."

"Nangoja nikifanya nini sasa?"

Nikamwambia chochote, bora usicheke sana.