Dansi la mtaani Tanga: nani alipe, nani alale?

Jumamosi iliyopita usiku, kwenye baa moja ya Ngamiani, nilikaa hatua tatu tu kutoka kwa mpiga gitaa la ridhimu. Ukiwa karibu hivyo unaona mambo ambayo kwenye ukumbi mkubwa huyaoni. Ncha za vidole vyake zimeota sugu. Uzi mmoja ulishakatika, ukaungwa kwa fundo. Na kabla wimbo haujachemka, anamtupia jicho mpiga tumba mara moja, kisha wote wawili wanapanda pamoja. Mwimbaji akapita kati ya meza akimtaja mzee mmoja kwa jina, mzee akainuka na kumbandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso. Kiingilio hakikuwepo. Na nyuma ya ukuta, bibi mmoja alikuwa akimbembeleza mjukuu alale.

Mtaani kwetu watu wamegawanyika. Wapo wanaotaka bendi ziondoke kwenye baa za makazi, ziende kumbi kubwa au kule Raskazone, kando ya bahari kwenye upepo. Wapo wanaosema zikiondoka huku, ndiyo mwisho wa dansi Tanga. Mimi niko upande wa baa ndogo. Ila si kwa mtindo huu unaoendelea sasa.

Tanga ina haki ya kulionea uchungu dansi. Ndiko ilikotoka bendi ya Jamhuri Jazz, ndiko ilikotoka Atomic Jazz na mtindo wake wa kiweke. Hiyo "jazz" ya kwenye majina haikuwa ile ya New Orleans. Ni rumba iliyotoka Kuba ikapitia Kongo, ikafika kwetu na kuvaa Kiswahili, magitaa yakisokotana na saksafoni ikijibu. Ndugu wa familia ya Kinyonga walipigia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha, kisha Kenya walikoanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971. Mji ulizaa wanamuziki, lakini kampuni za santuri zilikuwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa ngumu. Kilichobaki nyumbani ni jukwaa.

Sasa jukwaa lenyewe linamlisha nani? Zamani bendi nyingi zilikuwa klabu, vyombo vikiwa mali ya wanachama. Baadaye yakaingia mashirika: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Leo mara nyingi vyombo ni vya mtu wa kukodisha, au vya mwenye baa. Tuseme bendi ya watu wanane inapewa laki mbili kwa usiku. Mwenye vyombo akichukua elfu themanini, kila mmoja anabaki na elfu kumi na tano, na hapo hajalipa bodaboda ya kurudi Makorora saa tisa usiku. Wanaosema baa ndogo zinawanyonya wanamuziki hawasemi uongo. Tukisema "si wanatunzwa noti?" tunajifariji. Tuzo inategemea mzee kaamkaje siku hiyo.

Lakini kuwahamishia ukumbi mkubwa hakutibu hilo. Ukumbi mkubwa unataka spika kubwa, matangazo, ulinzi, na watu mia tatu ambao bendi ya mtaa haina. Baa ya meza ishirini inajaa kwa jirani na rafiki zake. Na kijana anayejifunza besi anasimama nyuma ya mkubwa wake akiangalia vidole. Darasa la namna hiyo halipatikani kwenye simu.

Tukirudi kwa yule bibi. Kesho yake nilipita kumwamkia, nikamuuliza. "Marahaba mwanangu," akasema. "Mimi sina ugomvi na gitaa. Hilo dundo ndilo linaniingia kifuani." Kasema kweli kabisa. Sauti nzito ya besi hupenya ukuta pale sauti nyembamba inapokwama, na nyumba zetu za Ngamiani zimebanana, nyingi hazina dari, kwa hiyo kinachopigwa uani kwa jirani kinasikika chumbani kwako. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinataka makazi yawe na utulivu zaidi usiku kuliko mchana. Bibi hahitaji kuombwa avumilie. Haki ni yake.

Kuna usiku mmoja mwaka huu umeme ulikatika bendi ikiwa katikati ya wimbo. Spika kimya. Mpiga tumba hakuacha, yule wa ridhimu akaendelea na gitaa lake kavu, waimbaji wakasogea mezani, na baa nzima ikaitikia kibwagizo gizani. Dakika ishirini hivi. Sijasikia dansi tamu kama lile mwaka mzima, na sidhani kama lilivuka barabara. Baa ya meza ishirini haina haja ya spika nne zilizopangwa kama ghala. Tunaziweka kwa sababu baa jirani ya upande wa pili ina diskojoki na tunashindana nayo.

Jambo la saa ni gumu zaidi. Wazee wetu walikuwa na bugi, dansi la mchana, hasa kwa vijana, na watu walirudi nyumbani mapema. Ningependa lirudi Jumapili saa tisa alasiri mpaka magharibi. Tanga hii ina watu wengi wanaopenda rumba ila hawakanyagi baa ya usiku, kwa dini au kwa heshima ya nyumba zao. Wengi ni akina mama. Nilipomwambia mwenye baa, alinijibu bila kuficha: "Kaka, saa kumi watu wanakunywa soda." Faida yake iko kwenye bia, na bia inanywewa usiku. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu akikosa faida hataita bendi.

Basi hesabu ihamie mlangoni. Watu themanini kwa kiingilio cha elfu tatu ni laki mbili na arobaini, zaidi ya zile laki mbili za mfano wetu, na hajauza hata chupa moja. Tumezoea dansi la bure mtaani, na najua wengine watagoma. Mimi elfu tatu yangu nimeshamwachia kaunta, kwa ajili ya Jumapili ya kwanza atakayokubali kujaribu.