Gari Linalokulea Kama Mtoto

Kuna magari, halafu kuna Mlezi. Usilitafute bandarini, tumelibuni hapa hapa barazani. Ila kila fundi wa Dar es Salaam atakuapia kwamba ameshalifungua.

Yako matatu. Mlezi Kawaida lina eabegi mbili, yaani mifuko ya hewa inayofumuka ajalini, ya usukani na ya abiria wa mbele. Mlezi Mkurugenzi lina sita: mbili zimejificha ubavuni mwa viti, mbili ni za pazia juu ya madirisha. Mlezi Waziri lina kumi, mpaka za magoti, na rada nyuma ya nembo. Yote matatu yanakuona mjinga kwa kiwango kilekile.

Unawasha asubuhi, binti wa Kijapani anaongea. Wageni hudhani anasalimia. Thubutu! Anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Umelipa ushuru, umelipa bandari, uko Mbagala, bado unadaiwa ya Tokyo. Dawa ni kile kisanduku kidogo cha kadi chini ya dashibodi: chomoa soketi yake, anyamaze. Watu wanaishi naye miaka saba kwa kutojua tu.

Haya, weka kiroba cha unga kiti cha mbele. Tii, tii, tii! Kiti kina senso ya uzito, limeshaamua unga ni abiria na hajafunga mkanda. Basi unaufunga unga mkanda, huku watoto nyuma wamesimama wanachungulia dirishani. Wajanja hununua ule ulimi wa bandia wa kuzibia tundu la mkanda. Kelele zinaisha kweli, ila siku ya ajali eabegi inafumuka haraka kuliko kupepesa jicho, nawe unaiendea uso kwa uso bila cha kukushika.

Mwenye Mkurugenzi naye hatulii mpaka avalishe viti ngozi nene ya kushonewa. Eabegi ya ubavuni hutokea kwenye mshono wa kiti, uliotengenezwa uchanike. Ukiuzibia kwa ngozi ya gunia, itokee wapi? Kama lazima uvalishe, chukua kava lililoachwa wazi upande ule wa kibandiko cha eabegi.

Sasa ile taa nyekundu ya eabegi, yenye mtu na puto. Ukiwasha swichi inatakiwa iwake sekunde chache, kisha izime. Ikigoma kuzima, anza na soketi za njano chini ya viti. Waosha magari huzimwagia maji na kuzivuta kwa ufagio. Kama na honi imekufa, utepe wa waya nyuma ya usukani umekatika, mara nyingi kwa sababu fundi wa stelingi alifungua mhimili akauacha usukani ujizungukie. Usikubali apime waya za njano kwa mita yake, eabegi inaweza kumlipukia. Afungue waya wa hasi wa betri kwanza, asubiri dakika tatu. Atasema unamchelewesha.

Na isipowaka kabisa? Hapo ndipo uogope. Huenda eabegi zilishafumuka zamani, wakabandika kifuniko kizuri, taa wakaing'oa. Wajanja zaidi huiunganisha na ya oili, ziwake na kuzima pamoja. Tazama kwa makini: taa hizo mbili zikizima sekunde ileile kila mara, umeuziwa usukani wenye uwazi ndani.

Waziri ndiyo kichekesho chenyewe. Taa za vioo vya pembeni huwaka gari likikupita kwenye sehemu usiyoiona, na kwa bodaboda zetu hazizimi kutoka Ubungo mpaka Kariakoo. Fundi wa rangi akiipaka nembo rangi yenye chembe za chuma, rada inapofuka. Ukibadilisha kioo cha mbele, kamera iliyo juu lazima ilengwe upya kwa kompyuta, fundi huikandamiza kwa kidole gumba, "Imekaa, bosi."

Halafu ukikwepa mashimo, kulia, kushoto, kulia tena, Waziri linaona umesinzia. Linakuchorea kikombe cha kahawa kwenye dashibodi, upumzike. Hela ya kahawa haitoi.