Ron Paul yuko sahihi kuhusu jela, si kuhusu hospitali

Tangu Javier Milei ashinde urais wa Argentina mwishoni mwa 2023 akipita mitaani na msumeno wa injini mkononi, ishara ya kuikata serikali, vijana wengi wa mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, wanaofuatilia siasa za dunia wamerudi kumsikiliza mwanasiasa mmoja mzee wa Texas, Marekani, Ron Paul, ambaye alisema maneno yale yale miaka mingi kabla yake. Video zake zinapita kutoka simu hadi simu zikiwa na tafsiri ya Kifaransa chini. Msimamo wake si mgumu kuueleza: serikali ipunguzwe hadi ibaki na kazi chache tu, mtu aachwe afanye atakalo na mwili wake na mali yake mradi hamdhuru mwenzake, na sheria zinazowafunga watumiaji wa dawa za kulevya zifutwe.

Hapa kwetu wanaomsikiliza wamegawanyika. Kuna wanaosema huyu mzee angefaa kuzaliwa huku kwetu Katanga, maana serikali tunayoijua sisi inakuja kuchukua tu. Wengine wanajibu kwamba hayo ni mawazo ya watu ambao bomba likifunguliwa maji yanatoka. Nimewasikiliza wote, na ninaona Paul amefunga pamoja mambo mawili ambayo sisi tunaoishi hapa tuna kila sababu ya kuyafungua: serikali inayopiga na serikali inayohudumia. Kwake yeye ni serikali ileile moja, na dawa ni kuipunguza yote.

Kwanza tumtendee haki. Alizaliwa 1935, akasomea udaktari wa wanawake na uzazi, akazalisha watoto zaidi ya 4,000, kisha akaingia Kongresi. Mwaka 1988 aligombea urais kwa tiketi ya chama cha Libertarian na hakufikia hata asilimia 1 ya kura. Alirudi 2008 na 2012 ndani ya chama cha Republican, akashindwa katika uteuzi mara zote mbili. Mpango wake wa mara ya mwisho ulikuwa kufuta wizara tano, ya elimu ikiwemo, na kukata dola bilioni 1,000 za matumizi katika mwaka wa kwanza. Hata wanaompinga wanakubali kwamba alipiga kura Kongresi kama alivyohubiri.

Hoja yake kuhusu dawa za kulevya ilisikika vizuri zaidi Mei 2011, kwenye mdahalo wa wagombea huko Greenville, South Carolina, jimbo la watu wa kanisa na wahafidhina. Mtangazaji alimbana kuhusu heroini: je, kweli unataka iruhusiwe? Paul akawageuzia swali waliokuwa ukumbini: ni nani kati yenu angeanza kutumia heroini kesho kwa sababu tu sheria imeondolewa? Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi. Alikuwa pia na hoja ya kisheria. Marekani ilipotaka kukataza pombe mwaka 1919 ilibidi ibadilishe katiba, na iliposhindwa ikaibadilisha tena 1933. Kwa bangi na mengine ilitosha sheria ya kawaida ya 1970, na mwaka uliofuata Rais Nixon akatangaza kwamba dawa za kulevya ni adui namba moja wa umma. Paul aliuliza mamlaka hayo serikali kuu iliyatoa wapi. Mwaka 2011 aliungana na Barney Frank wa chama pinzani kupeleka muswada wa kuyaachia majimbo suala la bangi. Muswada ulikufa, lakini Novemba 2012 wapiga kura wa Colorado na Washington waliihalalisha wenyewe.

Alisema pia jambo ambalo wanasiasa wa chama chake hawakupenda kulisema: kwamba vita hivi viliwaangukia watu weusi kuliko wengine. Sheria ya 1986 ilimpa mtu aliyekutwa na gramu 5 za kokeni ya kuvuta, iliyotumika zaidi mitaani kwa maskini, adhabu ya chini sawa na ya mwenye gramu 500 za kokeni ya unga. Ilichukua hadi 2010 uwiano huo kushushwa kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1.

Sasa tuiangalie sheria ya namna hiyo ikifanya kazi hapa Lubumbashi, katika mitaa ya Katuba au Kenya (mtaa, si nchi), saa za jioni. Doria inamsimamisha kijana anayerudi nyumbani kwa miguu. Mifuko inageuzwa nje. Akikutwa na diamba, yaani bangi, kidogo iliyosokotwa kwenye karatasi ya daftari, bei inaanza palepale: atoe franka alizo nazo, au simu, au ampigie ndugu aje na pesa. Asipokutwa na kitu, ananuswa vidole. Mwenye ndugu wa kumpigia analala kwao, na asiye naye ndiye anayepelekwa mbele, na mbele kuna Kasapa, gereza letu. Mtoto wa mkubwa anayevuta ndani ya gari lenye vioo vyeusi hajui hata mlango wa kituo cha polisi ukoje.

Hapo Paul anasema kweli tupu. Sheria inayokataza kitu kilichomo mfukoni mwa maelfu ya watu, ikikabidhiwa kwa askari ambaye mshahara wake haumalizi mwezi, inakuwa chanzo cha mapato. Na jela inayowangoja wasio na cha kutoa ni jela ya Kongo. Makala, gereza kuu la Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 10,000, wengi wao bila hukumu yoyote. Septemba mwaka huo wafungwa walipojaribu kutoroka, watu 129 walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Kumpeleka mtu mahali kama pale kwa sababu ya moshi alioumeza mwenyewe ni dhambi ya umma, na sioni hoja yoyote ya upande wa pili inayoweza kuisafisha.

Tena makatazo hayajafuta kitu. Wazungu wa kwanza kupita Kasai miaka ya 1880 waliwakuta Bena Riamba wa chifu Kalamba, ambao walikuwa wameifanya bangi kuwa sehemu ya ibada na ya mapatano kati yao. Mkoloni akaipiga marufuku. Serikali zote zilizofuata zikaendelea naye. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, nayo ilikatazwa, na hadi leo inapikwa nyuma ya nyumba na kuuzwa kwa glasi ndogo katika kila mtaa ninaoujua.

Lakini swali lile la Greenville lina kasoro kubwa. Aliwauliza watu wazima waliokaa kwenye viti, walioshiba, wenye kazi na wake na waume zao. Hakumuuliza shege, mtoto wa mitaani, wa miaka 12 anayelala sokoni. Mwaka 2021 Kinshasa ilishtushwa na kitu kiitwacho bombé: unga wa kipande cha ndani cha katalisti, kile kinachosafisha moshi kwenye eksozi ya gari, kilichosagwa na kuchanganywa na vidonge. Vijana waliokitumia walionekana barabarani wameinama, wamesimama bila kutikisika saa nyingi, na jambo hilo lilifika hadi kwenye baraza la mawaziri. Hakuna aliyechagua bombé kwa maana ya kuchagua anayoisema Paul. Kilichomfikisha kijana kwenye unga ule ni njaa, baridi na kukosa mtu wa kumuuliza amelala wapi.

Na tusisahau biashara iliyoruhusiwa inafanya nini pasipo msimamizi. Zambia, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ililazimika mwaka 2012 kupiga marufuku tujilijili, pombe kali ya vifuko vidogo ambayo ilikuwa halali kabisa, ya bei ya chini kabisa, na ilienea katika mifuko ya sare za shule. Watetezi wa Paul wanaposema soko litajirekebisha, ninawauliza soko lile lilikuwa linangoja nini. Uhuru wa anayevuta na uhuru wa anayeuza si kitu kimoja. Wa kwanza niko tayari kuutetea kesho asubuhi. Wa pili unahitaji leseni, vipimo, umri, kodi na mtu wa kufunga duka la anayekiuka, yaani unahitaji serikali, tena serikali yenye uwezo.

Mahali ninapoachana naye kabisa ni Tampa. Septemba 2011, kwenye mdahalo mwingine, aliulizwa kuhusu mfano wa kijana wa miaka 30 mwenye kazi nzuri aliyekataa kulipa bima ya afya, kisha akapoteza fahamu na kuhitaji miezi sita hospitalini. Nani alipe? Paul alijibu kwamba uhuru maana yake ni kubeba hatari zako mwenyewe. Mtangazaji akauliza: kwa hiyo jamii imwache afe? Wachache ukumbini walipaza sauti kukubali. Paul mwenyewe alisema hapana, akakumbusha kwamba miaka ya 1960 alifanya kazi katika hospitali ya kanisa mjini San Antonio na hawakumfukuza mgonjwa yeyote. Majirani, marafiki na makanisa ndio waliobeba mzigo.

Jibu hilo ninaliheshimu kwa sababu alisema alichokifanya. Ila sisi ndio tunaoishi katika nchi ambayo majirani, marafiki na makanisa wanabeba karibu kila kitu, na tunajua mzigo huo unaishia wapi. Unaishia kwenye kitanda cha mama aliyejifungua wiki iliyopita na bado yuko wodini. Amepona, mtoto ananyonya vizuri, lakini hatoki kwa sababu deni la upasuaji halijalipwa. Nguo za mtoto zimeanikwa dirishani. Mume anazunguka kwa wajomba na kwa mchungaji na daftari la michango. Dada mtu analeta bukari, yaani ugali, mchana. Kila Mkongo mwenye ukoo mkubwa amewahi kuchangia kumtoa mama wa namna hiyo. Ukoo unajitoa, kanisa linajitoa, na bado mama yuko pale. Daktari aliyezalisha watoto 4,000 angeona wodi hiyo, nadhani angeelewa kwamba ukarimu wa watu wenye kipato kidogo una mwisho.

Wafuasi wake wana jibu, na ni zito. Wanasema Kongo haijawahi kuwa na soko huru. Ilichonacho ni serikali mwizi. Hati za viwanja zinauzwa mara mbili, mahakama inamsikiliza mwenye pesa, na Paul hajawahi kusema serikali iache kulinda mali na mikataba. Ni kweli. Wanaongeza habari ya fedha. Paul alitaka benki kuu ya Marekani ifungwe kwa sababu anayeshika mashine ya kuchapa noti anamwibia mwananchi bila kuingia nyumbani kwake. Wazee wetu hawahitaji kitabu kulielewa hilo: Oktoba 1993 zaire 3,000,000 za zamani, fedha yetu ya wakati ule, zilibadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka uliofuata hiyo mpya nayo ikateketea. Ila wazee haohao walikimbilia wapi? Kwenye dola, noti ya benki ileile ambayo Paul angeifunga. Walitafuta fedha iliyosimamiwa vizuri.

Vilevile kwa huduma. Gécamines ya zamani, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa na hospitali, shule na unga wa chakula wa kila mwezi. Ilipoanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, hakuna uhuru ulioingia katika nyumba zile. Wazazi walilipa walimu, mitaa ikachanga kununua transfoma, mwenye nguvu akachimba kisima. Serikali ilikuwa imepungua kweli, isipokuwa barabarani usiku, ambako haikupungua hata kidogo.

Kwa hiyo mfano wa kuufuata kuhusu dawa za kulevya haupo Texas. Ureno mwaka 2001 iliacha kumfunga mtu aliyekutwa na kiasi cha matumizi yake ya siku kumi. Anaitwa mbele ya kamati badala ya hakimu, na biashara imebaki kuwa kosa. Nchi ile ilikuwa imefika mahali ambapo takriban mtu 1 kati ya 100 alitumia heroini. Maambukizi ya Ukimwi kwa watumiaji wa sindano yalishuka sana, lakini fedha za matibabu zilikuwepo tangu mwanzo. Oregon ilipiga kura 2020 kufanya kama Ureno. Sheria ikaanza, fedha za tiba zikachelewa, fentanili, dawa ya kulevya kali sana, ikaingia wakati uleule, na Septemba 2024 jimbo likarudisha adhabu. Wanaopenda jela wanaitaja Oregon kama ushahidi, ila majimbo yaliyobaki na jela nayo yalizika watu, katika nchi iliyopoteza zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka kutokana na dawa kupita kiasi kati ya 2021 na 2023.

Kwetu, mzazi wa Lubumbashi mwenye kijana aliyezama katika dawa za kulevya ana milango michache: chumba cha maombi, au kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, kinachoendeshwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité. Mtu angesema hapo ndipo Paul anashinda, kwamba kanisa limefanya ambacho serikali haikufanya. Mimi ninaona kituo kimoja kwa mji wa mamilioni.

Kufuta kifungo kwa mwenye msokoto mmoja hakuhitaji hata franka moja katika bajeti, na wabunge wetu wangeweza kuanza na hilo. Matibabu yanahitaji pesa, na pesa zenyewe zinapita mbele yetu kwenye malori ya kuelekea Kasumbalesa. Sheria ya madini ya 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha na maeneo yenye migodi asilimia 15. Paul angesema tuwarudishie wenye migodi. Mimi ningependa kusikia kutoka kwa bunge la mkoa ni kiasi gani cha asilimia zile kimewahi kumlipa muuguzi mmoja wa watoto wanaolala soko la Kenya.