Injini Iliyofumuliwa Iwake Kwanza Nje ya Gari

Nina msimamo ambao mafundi wengi wanaofanyia kazi zao nyumbani hawaupendi: injini iliyofumuliwa na kufungwa upya isirudi kwenye gari kabla haijawaka juu ya stendi. Wanaonipinga wana hoja nzito. Wanasema gari lenyewe ni stendi tosha, maana lina rejeta, betri, tangi, eksozi, geji na waya zake zote. Ya nini kuchomelea vyuma vingine?

Jibu langu liko nyuma ya injini. Sili ya nyuma ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) imejificha kwenye kivuli cha flaiwili (gurudumu zito lililo mwisho wa shafti hiyo), na ndani ya gari flaiwili nayo inafunikwa na gia boksi. Sili hiyo ikivuja, unachokiona ni tone la oili linaloning'inia chini ya nyumba ya klachi. Limetoka wapi? Huenda ni sili yenyewe, huenda ni kona ya gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), huenda ni kizibo cha mfereji wa oili, au ni sili ya mbele ya gia boksi ambayo hukuigusa kabisa. Ili ujue, gia boksi ishuke. Vivyo hivyo kwa vile vizibo vya duara vya njia ya maji vilivyo mgongoni mwa bloki kwenye injini nyingi: kimoja kikitoa jasho la maji, utahangaika. Juu ya stendi unachukua tochi, unachuchumaa nyuma ya injini iliyozimwa, unamulika upenyo ulio kati ya bloki na flaiwili, na jibu unalipata hapo hapo. Kwangu mimi hilo peke yake linalipa gharama ya vyuma vyote.

Ila kwanza tuelewane tunazungumzia stendi gani. Ile stendi ya kufungia injini, yenye mkono mmoja unaoshika bloki kwa boliti nne kwa nyuma na kuizungusha juu chini, si ya kuwashia. Uzito wote unaning'inia upande mmoja, flaiwili na stata hazina pa kukaa, na ukikanyagia mafuta bloki hujipinda kinyume na mzunguko wa krankshafti. Nimeona watu wakiwasha injini juu ya mkono ule na kusimama pembeni wakitabasamu. Injini nzima ya V8 yenye bloki ya chuma inaweza kuzidi kilo 250. Ikidondoka huku inazunguka, hakuna mkono wa kuidaka.

Stendi ya kuwashia ni fremu inayokaa chini, pana kuliko injini yenyewe. Chuma cha mraba cha milimita 50 chenye unene wa milimita 3 kinatosha kwa injini nyingi za magari madogo. Mbele, injini ikae kwenye raba zake za asili. Nyuma ishikwe kwa nyumba ya klachi iliyo tupu, au kwa bamba nene la chuma lililotobolewa sawasawa na matundu ya bloki, lenye nafasi ya stata. Magurudumu ni mazuri kwa kuhamisha, lakini wakati wa kuwasha fremu isimame kwa miguu yake. Kava la klachi na sahani yake vitoke, kwa sababu sahani hiyo bila shafti ya gia boksi haina kinachoishikilia katikati. Kama ni gari la otomatiki, konveta (inayokaa mahali pa klachi) nayo isibaki imening'inia pale. Kisha flaiwili izungushiwe kinga ya chuma, na mtu yeyote asisimame usawa wake. Kuhusu fremu sina la zaidi. Anayejua kuchomelea ataimaliza.

Ninalotaka kulisisitiza ni mpangilio wa kazi. Stendi nyingi za nyumbani hujengwa kwa hamu ya kuwasha. Mtu anafunga injini, anatafuta betri, anatundika chupa ya petroli kwa waya, anagusanisha nyaya za stata, inawaka, watu wanashangilia. Ndipo swali linapokuja: inazimwaje? Mimi nasema ujenzi uanzie hapo. Kabla ya stata kupata waya, njia ya kuzima iwe imekwisha kufungwa na kujaribiwa.

Kwa injini ya petroli, hiyo ni swichi moja kubwa inayokata mkondo wa kuwasha plagi na mkondo wa pampu ya mafuta kwa pamoja. Ikae upande anaosimama mwendeshaji, mahali unapoifikia bila kupitisha mkono juu ya feni au mkanda. Wapo wanaodhani swichi ya kukata betri inatosha. Haitoshi kama alteneta imefungwa na inachaji, kwa sababu injini ikishawaka alteneta inaweza kuendelea kulisha plagi hata betri ikiwa imekatwa, na kukata betri ghafla kunaweza kuunguza daiodi za alteneta. Ikate injini kwanza, betri baadaye. Swichi ya presha ya oili nayo inaweza kuunganishwa na rilei ya pampu, ili presha ikianguka mafuta yakatike yenyewe. Ni kazi ndogo ya waya, na macho yako yanapata uhuru wa kutazama kwingine.

Dizeli ni habari nyingine kabisa. Injini ya dizeli haina plagi za kukatiwa mkondo. Ikianza kunyonya oili yake yenyewe, labda kwa sili iliyokufa ya tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) au sampu iliyojazwa kupita kiasi, itaendelea kupanda mzunguko hata ukifunga mafuta, mpaka oili iishe au kitu kivunjike. Kinachoizima ni kuinyima hewa. Kwa hiyo kabla dizeli yoyote haijaguswa stata, pawe na bamba imara linalofunika mdomo wa hewa wote, likiwa mkononi mwa mtu aliyeambiwa kazi yake. Kitambaa hakifai, kitamezwa. Kiganja cha mkono ndiyo usithubutu.

Tangi la stendi liwe dogo. Lita 5 zinatosha kwa majaribio, na ni lita chache za kuungua mambo yakiharibika. Liwe na kifuniko, limefungwa kwenye fremu mbali na eksozi na betri. Injini ya kabureta inataka presha ya mafuta ya kati ya baa 0.2 na 0.4 hivi, lakini nyingi za nozeli zinataka kama baa 3, na hapo hozi ya kawaida na klipu dhaifu ni hatari: ikichomoka, petroli inaruka kama mvuke kuelekea kwenye eksozi ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kutafuta cheche. Kizima moto cha unga kiwe hatua chache kutoka unaposimama, si upande wa pili wa stendi.

Na moshi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Mlango wa gereji ulioachwa wazi si kinga. Stendi isukumwe nje, uwanjani.

Sasa tuje kwenye dakika zenyewe. Kabla ya kuwasha, oili ifike kwenye beringi. Toa plagi zote ili stata isipambane na kompresheni, zungusha kwa vipindi vifupi, tazama geji mpaka sindano inyanyuke. Kwenye injini za zamani ambazo pampu ya oili huzungushwa na shafti ya distribyuta, unaweza kuchomoa distribyuta na kuzungusha pampu kwa drili. Utahisi drili inakuwa nzito mkononi pale oili inapoijaza mifereji. Geji yenyewe iwe ya kimakanika, yenye kibomba kinachotoka kwenye bloki hadi kwenye saa ya geji. Taa nyekundu ya gari huzimika kwa presha ndogo sana, kwa hiyo haikuambii lolote la maana kuhusu injini iliyotoka kufungwa. Kanuni ya zamani ya mafundi ni presha ya psi 10 (paundi kwa inchi ya mraba) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Si sheria ya kila injini, kitabu cha mtengenezaji kiko juu yake, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ikishawaka, unaangalia nini kwanza? Presha ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde chache, zima, usingoje. Halafu maji, halafu taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Eksozi ikianza kuwa nyekundu mapema, usishangilie joto. Mara nyingi taimingi imechelewa au mchanganyiko una mafuta kidogo. Feni ya umeme ya rejeta iwashwe kwa swichi yake, kwa sababu stendi haina upepo wa mwendo, na hewa iliyonasa kwenye njia za maji itolewe kabla hujaiamini geji ya joto.

Kuna injini ambazo huruhusiwi kuziacha zikiunguruma polepole baada ya kuwaka mara ya kwanza. Ni zile zenye kamshafti mpya (shafti inayofungua vali) na tapeti bapa zisizo na rola (tapeti ni vipande vinavyosukumwa na kamshafti hiyo). Kamshafti hiyo, hasa pale inapokaa ndani ya bloki, hupata oili inayorushwa na krankshafti, na mzunguko ukiwa mdogo kinachorushwa hakitoshi. Ndiyo maana huwashwa na kupandishwa mara moja hadi mizunguko 2,000 au 2,500 na kushikiliwa hapo, ikipanda na kushuka kidogo, kwa dakika 20 hadi 30. Oili nayo ina maana. Viungo vya zinki na fosforasi vinavyolinda tapeti hizo vilipunguzwa kwenye oili za kisasa ili visiharibu kichujio cha gesi kwenye eksozi. Kiwango cha oili cha API SM (API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani) cha mwaka 2004 kiliweka kikomo cha fosforasi kuwa asilimia 0.08 kwa oili nyepesi kama 5W-30. Tafuta oili iliyotengenezwa kwa ajili ya kuanzishia injini. Lakini kama injini yako ina tapeti za rola, utaratibu huu haukuhusu, na sioni sababu ya kuipigisha kelele nusu saa kwa kuiga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa stendi, wenzangu wenyewe. Wanaiwasha injini asubuhi na kuiacha ikiunguruma bila mzigo hadi jioni, wakisema ringi za pistoni zinakaa, yaani zinashikana vizuri na ukuta wa silinda. Hazikai. Ringi inasukumwa kwenye ukuta wa silinda hasa na presha ya gesi inayoingia nyuma yake ndani ya mfereji wa pistoni, na presha hiyo huja injini inapobeba mzigo. Bila mzigo, ringi inateleza juu ya michoro iliyoachwa na jiwe la honi (la kusugulia silinda), oili inaungua taratibu na kuacha utando mgumu unaong'aa, na silinda ikishang'aa hivyo injini itakula oili. Saa nyingi za stendi zinaharibu kile kile zinachodaiwa kutengeneza. Washa, pata joto la kazi, kagua, zima. Ringi zitamalizia kazi barabarani, kwenye mlima, gari likivuta.

Vipi kuhusu injini za kisasa? Hapo nakubali kulegea. Injini inayotegemea kompyuta inataka waya wake wote, sensa zake, pedali ya umeme na kompyuta ambayo huenda haitaruhusu plagi mpaka ipate ufunguo wenye chipu. Kama una gari la kuchinja na unaweza kutoa mtandao wa waya mzima bila kukata, stendi inawezekana na inafaa. Kama itakubidi kukata na kuunga waya wa gari linalotembea ili tu uwashe injini nje, acha. Utajiletea hitilafu mpya utakazozilaumu kwenye injini isiyo na kosa.

Injini ikishapoa, kazi bado. Fungua filta ya oili na uikate. Msumeno utaingiza chembe zake wenyewe, kwa hiyo tumia kikata bomba au kifaa cha kukatia filta. Chomoa karatasi yake, ikate pande zote mbili, ibane ikamue oili, kisha itandaze kwenye mwanga wa jua mkunjo kwa mkunjo. Vumbi laini la rangi ya fedha, dogo kiasi cha kutohisika kwa kidole, ni kawaida kwa injini mpya. Vijisahani vinavyoonekana kwa macho si kawaida. Pitisha sumaku: vinavyorukia sumaku ni chuma, yaani kamshafti, tapeti au ringi. Visivyorukia, hasa vyenye rangi ya shaba au kijivu laini, vielekeze macho kwenye beringi. Ukiviona hivyo, injini ifunguliwe tena, hata kama iliunguruma vizuri mpaka majirani wakasifia.

Filta ikiwa safi, badilisha oili, kaza tena boliti za silinda hedi kama aina ya gasketi yako inataka hivyo (boliti zinazokazwa kwa nyuzi za pembe na kutumika mara moja zisiguswe), ziba midomo yote kwa tepu, na usiiache stendini kwa miezi. Ringi zake bado zinasubiri mzigo.