Mjomba Aliyekataa Kuzika

Mwaka 343 KK, Demosthenes alisimama mahakamani Athens kumshtaki Aeschines, mwanasiasa mwenzake, kwamba aliiuza nchi alipotumwa ubalozi kwa Philip wa Macedonia. Katikati ya hotuba akamwambia karani asome mistari ya mchezo wa kuigiza uliotungwa karibu miaka mia moja kabla yake. Ilikuwa ya mfalme Creon, katika Antigone, mchezo wa Sophocles: anayemthamini rafiki kuliko nchi yake si mtu wa kuhesabiwa, maana nchi ndicho chombo kinachotuvusha salama. Demosthenes hakuwa anakejeli. Aliyaona ni maneno mazuri yenye manufaa. Kosa la Aeschines, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwigizaji na alizoea kuigiza nafasi hiyo hiyo ya Creon, ni kwamba aliyakariri bila kuyafuata.

Wasomaji wengi wa leo wangeshangaa, kwa sababu tunaufungua mchezo huu tukiwa tumeshahukumu: Antigone shujaa, Creon dikteta, familia dhidi ya serikali, basi. Nadhani mgawanyo huo ni rahisi mno. Msimamo wa Creon ni wa kuheshimika, ila amri aliyoijenga juu yake ni mbovu. Tendo la Antigone ni jema, ila sababu anazolitolea hazisimami mahali pamoja.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Watoto wawili wa Oedipus, aliyekuwa mfalme wa mji wa Thebes, yaani Eteocles na Polynices, waligombea kiti chake. Polynices akafukuzwa, akakimbilia mji wa Argos, akarudi na jeshi la kigeni kuushambulia mji aliozaliwa. Ndugu hao wakauana. Creon, mjomba wao, akashika madaraka na kupiga mbiu: Eteocles azikwe kwa heshima zote, Polynices aachwe nje aliwe na mbwa na ndege, na atakayethubutu kumzika apigwe mawe hadi afe. Dada yao Antigone akaenda kumfunika kwa mchanga, akakamatwa.

Tuanze na Creon, maana yeye ndiye asiyesikilizwa. Anazungumza asubuhi, adui amekimbia usiku uliopita. Mji umeponea chupuchupu, nyumba ya kifalme imemalizana yenyewe kwa yenyewe, na mtawala mpya anataka raia wajue kwamba kuleta jeshi la kigeni na kuulinda mji haviwezi kuwa na malipo sawa. Wala kumnyima haini kaburi hakukuwa ukatili wa kubuniwa jukwaani. Sheria ya Athens ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya Attica, yaani eneo la dola ya Athens. Mwanahistoria Thucydides anasimulia kwamba jamaa wa Themistocles, shujaa wa vita vya Salamis aliyefia ugenini akiwa ameshahukumiwa kwa uhaini, walidai kuwa mifupa yake ilirudishwa nyumbani ikazikwa kwa siri. Basi kati ya watu waliokuja kuutazama mchezo huu karibu na mwaka 441 KK, wapo ambao hawakuona ajabu yoyote katika mbiu ya Creon iliposikika mara ya kwanza.

Lakini sheria ile ilikuwa na mipaka miwili, na Creon aliivuka yote miwili. Wa kwanza ni ardhi: msaliti alikatazwa Attica tu, hivyo ndugu zake wangeweza kumchukua wakamzike ng’ambo ya mpaka, na haki ya serikali na wajibu wa ukoo vikapata njia ya kupishana. Creon anaweka walinzi juu ya maiti ili isizikwe na yeyote, popote. Mpaka wa pili ni mahakama, na hapo kuna tukio la kweli linalousaidia mjadala huu kuliko falsafa nyingi. Mwaka 406 KK, baada ya vita vya baharini vya Arginusae, majenerali wa Athens walishtakiwa kwa kutowaokota mabaharia wao waliozama. Watu walikuwa na hasira, wakataka wahukumiwe wote kwa kura moja. Euryptolemus akasimama kuwatetea, na mmoja wa washtakiwa, Pericles mwana wa Pericles yule kiongozi mkubwa, alikuwa jamaa yake. Kwa mujibu wa mwanahistoria Xenophon, alisema wanaweza kuanza na huyo jamaa yake, kwa kuwa ingekuwa aibu kwake kumthamini kuliko mji mzima. Kisha akawakumbusha sheria ya wasaliti: mtu ahukumiwe kwanza mahakamani, na akipatikana na hatia ndipo anyimwe kaburi Attica.

Hayo ni maneno ya Creon kabisa, nchi kwanza na jamaa baadaye, ila yamesemwa na mtu anayeomba sheria ifuatwe dhidi ya amri ya papo kwa papo. Euryptolemus alishindwa. Majenerali sita waliokuwepo wakauawa, na baadaye Waathens wakajuta. Mtu anaweza kuipenda nchi kuliko ndugu bila kuwa Creon.

Kwani Creon alishauriana na nani? Aliwaita wazee wa Thebes baada ya kuamua. Nao wakamjibu kibaridi kwamba anao uwezo wa kutumia sheria yoyote juu ya wafu na walio hai. Uwezo waliukubali, kwamba ni haki hawakusema. Baadaye mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, anamweleza kuwa watu mitaani wanamlilia msichana yule kimyakimya. Anamsihi kwa adabu kama mtoto kwa baba: mti unaoinama mbele ya mafuriko huokoa matawi yake, unaokaza hung’olewa na mizizi. Mazungumzo yanageuka ugomvi, Haemon anamwambia kwamba hakuna mji ulio mali ya mtu mmoja, na kwamba angetawala vizuri sana peke yake jangwani.

Tazama kinachofuata. Adhabu iliyotangazwa ilikuwa kupigwa mawe, yaani raia wenyewe wainue mikono. Mara tu Haemon anapoondoka, adhabu inabadilika: Antigone atafungiwa hai pangoni na chakula kidogo, ili mji usichafuliwe na damu yake. Sababu inayotolewa ni ya dini. Mimi naona kuna hesabu nyingine chini yake: mfalme ameshaambiwa kwamba mawe hayatakuwa na warushaji.

Na huyu si mtawala aliye nje ya familia. Baba wa marehemu hayupo tena, ndugu yake amekufa pamoja naye, na mwanamume wa karibu aliyebaki ni Creon, kaka wa mama yao. Kumzika Polynices kulimwangukia yeye kabla ya kumwangukia Antigone. Isitoshe, hoja yake ya utawala ameitoa sebuleni kwake. Anasema akiwaachia jamaa zake ukaidi, atawezaje kuwatawala wa nje? Anataka utii wa nyumba uwe msingi wa dola, huku akiukana wajibu wa kwanza wa nyumba hiyo. Kumwita mwakilishi wa serikali peke yake ni kumpunguzia mzigo.

Antigone naye anapoulizwa kwa nini alivunja amri, anatoa jibu ambalo mwanafalsafa Aristotle baadaye alilitumia kama mfano wa haki ya asili: kwamba Zeus hakupiga mbiu hiyo, na mbiu ya mwanadamu haiwezi kuzishinda sheria za miungu zisizoandikwa, ambazo si za leo wala jana na hakuna ajuaye zilianza lini. Ni vigumu kupata utetezi mkubwa kuliko huo.

Halafu, akiwa njiani kwenda kufa, anasema jambo jingine kabisa. Asingeasi mji kwa ajili ya mume wala mtoto. Mume akifa unaweza kuolewa na mwingine, mtoto unaweza kumzaa mwingine, lakini wazazi wakishaingia kuzimu, kaka mwingine hapatikani. Goethe, mshairi wa Kijerumani, aliichukia mistari hii kiasi cha kutamani mtaalamu mmoja athibitishe kuwa si ya Sophocles. Hoja yenyewe inafanana na kisa cha mwanahistoria Herodotus kuhusu mke wa Mwajemi Intaphernes, aliyeruhusiwa na mfalme Dario kumwokoa mmoja wa jamaa zake, akamchagua kaka. Ila yule alikuwa akiokoa kaka aliye hai.

Aristotle aliinukuu mistari ya Antigone bila kuitilia shaka, nami niko upande wake. Mistari ile inakera kwa sababu inaivua hoja ya kwanza vazi lake. Kama miungu imeamuru wafu wazikwe, mbona mume aachwe? Sheria isiyoandikwa imebaki kuwa kaka mmoja. Na tangu mwanzo upendo wake wa damu ulichagua. Ismene, dada yake wa kuzaliwa naye, alipoogopa, na baadaye akataka kufa pamoja naye, Antigone alimsukuma pembeni: wewe ulichagua kuishi. Aliyesema amezaliwa kushiriki upendo na si chuki alikuwa na ndugu aliye hai mbele yake.

Mwanafalsafa Hegel aliona hapa haki mbili zinazogongana, kila moja ikiwa nusu. Kuhusu Polynices simkubali, kwa maana Sophocles hakuacha mizani sawa. Tiresias, nabii kipofu, anakuja kusema kuwa ndege na mbwa wamezichafua madhabahu kwa nyama ya maiti na miungu haipokei tena sadaka. Amri imehukumiwa. Hata hivyo nabii hana neno la sifa kwa Antigone. Hata jina lake halitaji. Miungu inataka mwili uzikwe, na aliyeuzika inamwacha afe.

Thebes ya mchezo huu haina mahali pa kupeleka shauri. Mtunzi mwingine wa michezo, Aeschylus, mwaka 458 KK, alimpa Orestes aliyemuua mama yake mahakama nzima pale Areopagus, kilima cha Athens, kura zikalingana, Athena akamwachilia. Watu hutaja hilo kama jibu. Lakini Orestes aliponea kwa hoja ya Apollo kwamba mama si mzazi halisi, mlezi wa mbegu tu. Mahakama ilipatikana, na mama ndiye aliyelipa gharama.

Creon alipotishika, wazee walimpa mpangilio ulio wazi: nenda ukamtoe msichana pangoni, kisha umjengee kaburi aliyelala nje. Yeye akageuza. Alianza na Polynices, akaomba, akauosha mwili, akachoma mabaki, akalundika udongo. Alipofika pangoni Antigone alikuwa ameshajinyonga, na Haemon akajiua mbele ya baba yake; Eurydice, mama yake Haemon, akafuata. Wengine huutetea mpangilio huo wakisema kosa lililoiudhi miungu lilianzia kwenye maiti. Kwangu unaonyesha kwamba hata alipoitii sheria ya wafu, Creon alikuwa bado mfalme anayelipa deni kwa miungu, na mpwa wake aliye hai alikuja nafasi ya pili.